Sukari ya Kupambia

Alhamisi ile ya Oktoba, mwaka 1997, Niyubahwe aliamka na kazi moja tu kichwani: kupamba biskuti mia mbili za harusi ya binti yake. Zilikuwa zimekwisha kuokwa tangu Jumanne, kwenye sufuria kubwa iliyotandazwa mchanga, moto chini na makaa juu ya mfuniko. Sasa zilikuwa zimepangwa kwenye nyungo tatu na kufunikwa kanga. Zilikuwa tupu bado, rangi ya udongo. Kuzivika nguo, kama alivyozoea kusema mwenyewe, ndiyo ilikuwa kazi yake.

Pale kijijini Murungu hapakuwa na mwingine aliyeiweza. Mtu akioza mtoto au akibatiza, alitumwa mjumbe kwa Mama Winnie, kama walivyomwita, na Mama Winnie alikwenda na bakuli lake. Ujuzi huo aliupata mjini Kibondo kwa Bi Swaumu, mwenye duka, mwanamke wa Kiislamu ambaye ukoo wake ulitoka Bagamoyo. Niyubahwe alifika mlangoni kwa Bi Swaumu mwaka 1972, msichana wa miaka kumi na minne, yeye na shangazi yake, wametoka Burundi kwa miguu. Shangazi hakumaliza mwaka. Bi Swaumu akamchukua yule mtoto, akamlisha, akamfundisha jiko. Miaka minne baadaye Venanti, kijana mkulima wa Murungu, alipokuja kuposa, Bi Swaumu ndiye aliyekaa mkekani kama mzazi wa bibi harusi. Hakumtaka Niyubahwe abadili dini, wala hakuzuia asifunge ndoa kanisani.

Sasa Winnie, mtoto pekee wa Venanti na Niyubahwe, alikuwa na miaka ishirini, na Jumamosi angeolewa na Stanislaus, mwalimu wa shule ya msingi huko Makere, wilaya ya Kasulu.

"Twanga bado," Niyubahwe alimwambia. "Hii ina chenga. Chenga moja inaziba njia, ua lote linaharibika."

Winnie akarudisha sukari kinuni. Alikuwa ametwanga tangu asubuhi, na mama yake alikuwa akipokea ule unga mweupe na kuuchekecha kwa kitambaa chepesi, kidogo kidogo, kama mtu apimaye dawa.

"Mama, mbona kuchanganya hunifundishi? Kila mwaka mimi ni wa kinu tu."

"Utachanganya ukiwa na nyumba yako. Kwangu, twanga."

Winnie akacheka. Niyubahwe akavunja mayai, akatenga viini, akaupiga ute kwa uma mpaka ukafanya povu, akaanza kumwaga sukari kijiko kwa kijiko. Hapo ndipo waliposikia lori.

Kwa wiki kadhaa watu walikuwa wakinong'ona habari hizo. Amri ilikuwa imetoka kwamba Warundi wote wanaoishi vijijini wapelekwe kambini, kwa sababu ya vita ya kwao na hofu iliyokuwa mpakani. Niyubahwe alisikia kama wengine walivyosikia, lakini hakudhani ni yeye anayesemwa. Warundi waliosemwa ni wale wa juzi, waliokuja na magodoro kichwani. Yeye alikuwa Mama Winnie.

Leonidasi, mwenyekiti wa kijiji, alitangulia kuingia uani. Nyuma yake walikuwa askari wawili. Leonidasi alikuwa mmoja wa wasimamizi wa harusi ile. Siku mbili zilizopita alikaa palepale uani akigawa zamu za kuchota maji. Sasa hakumtazama mtu usoni.

"Mama Winnie," alisema, "hawa ndugu wana orodha. Wameniomba niwaonyeshe nyumba."

"Karibuni," Niyubahwe alijibu. Hakuacha kukoroga.

"Mama, tunaomba karatasi zako za uraia," askari mmoja alisema. Alikuwa kijana, na alisema kwa adabu.

"Sina karatasi, baba. Mume wangu ni Mtanzania, wa hapahapa. Nina miaka ishirini na mitano katika nchi hii. Muulize mwenyekiti."

Leonidasi alisema ni kweli. Alisema mara mbili. Askari akaitazama orodha, kisha akatazama zile nyungo zilizofunikwa kanga.

"Mimi nimetumwa tu, mama. Hayo utayaeleza kule. Chukua blanketi na nguo ya kubadilisha."

Winnie aliuacha mchi, akasimama mbele ya mama yake. Alisema maneno mengi, na baadaye hakukumbuka hata moja. Niyubahwe alinawa mikono, akaingia ndani, akatoka na furushi dogo. Alipofika usawa wa binti yake alisimama.

"Funika bakuli kwa kitambaa chenye maji," alisema. "Ikipigwa na upepo itaganda."

Hayo tu. Akapanda lori, akakaa kati ya wanawake wengine aliowafahamu. Winnie alilikimbilia lile lori mpaka kwenye daraja, miguu peku, akilia kwa sauti, na watu wakatoka majumbani kumtazama.

Aliporudi, jua lilikuwa limegeuka. Bakuli lilikuwa wazi. Juu ya sukari palikuwa na gamba gumu, jeupe, lenye nyufa.

*

Venanti alirudi alasiri kutoka Kibondo, baiskeli imefungwa masufuria ya kuazima. Majirani walimpa habari kabla hajaifikia nyumba yake. Alishusha yale masufuria moja moja, akayapanga ukutani, akageuza baiskeli na kuondoka tena bila kunywa maji. Alipitia kwanza kwa Bi Swaumu, akamweleza, kisha akaishika barabara ya Kasulu kuelekea kambini.

Winnie alibaki na shangazi zake, ambao walishauriana juu ya kuahirisha harusi. Yeye hakutaka kusikia. Alikaa jikoni akachukua sukari iliyobaki, akavunja mayai, akakoroga kama alivyomwona mama yake akikoroga. Ikawa maji. Akaipaka hivyo hivyo. Ilitiririka pembeni mwa biskuti, ikadondoka kwenye ungo, ikaacha madoa kama ya chokaa. Aliharibu thelathini kabla hajaweka kijiko chini.

Ijumaa asubuhi Venanti akarudi, macho mekundu kwa vumbi na kukosa usingizi. Alikaa kwenye kinu kilichogeuzwa.

"Nimemwona," alisema. "Ni mzima. Wamewapa turubai. Anasema harusi isiahirishwe."

"Atakuwapo?"

"Hapana."

"Basi haitakuwapo."

"Winnie, kanisa limeshatangaza. Mwenzako ameshaomba ruhusa shuleni. Mama yako amesema, mkinisubiri mimi, mtoto atazeekea jikoni. Maneno yake hayo."

Baba yake alikuwa akivunja kijiti vipande vipande.

"Kuna jambo lazima nikuambie, kwa maana wengine watakuambia. Mwaka themanini na moja walikuja maofisa, wakakaa siku tatu pale kwenye kata. Walikuwa wanaandikisha Warundi wanaotaka uraia. Mama yako alivaa, akanisubiri nimsindikize, kwa sababu walitaka mume afike. Mimi nilikuwa navuna maharage. Nikasema kesho. Kesho yake nikasema kesho. Siku ya nne walikuwa wamekwenda." Akatupa vipande vya kijiti chini. "Hakunilaumu. Hata jana hakunilaumu. Nilidhani kwa kuwa ni mke wangu, inatosha."

"Siku tatu, baba," Winnie alisema.

"Siku tatu."

"Kwa maharage."

Venanti aliinamisha kichwa. Winnie akainuka, akamwacha amekaa pale. Tangu azaliwe hakuwahi kumpa baba yake mgongo akiwa bado anasema naye.

*

Karibu saa nne lori la mahindi lilisimama njiani na Bi Swaumu akashushwa kama mzigo unaovunjika. Alikuwa amepita sitini, miguu imevimba, na hakuwa amefika Murungu kwa miaka mitano. Alikuja na sukari, mayai yaliyofungwa kwenye pumba, na ndimu nne.

"Shikamoo, bibi," Winnie alisema.

"Marahaba. Nionyeshe ulichofanya."

Alizitazama zile biskuti thelathini, akaonja moja kwa ncha ya kidole.

"Ute umezidi. Na bakuli hili lilikuwa na mafuta."

"Nililiosha."

"Uliliosha kwa mikono iliyoshika mafuta. Liletee majivu na maji ya moto. Ute wa yai hautaki mafuta, hata tone. Ukiona hata kidogo cha kiini kimeingia, usijidanganye, anza upya."

Winnie alisugua bakuli kwa majivu, akalisuuza mara mbili. Akatwanga. Bi Swaumu alikaa kwenye kigoda, kitambaa magotini, akachekecha. Walipofika kwenye mayai, yule bibi hakuyagusa.

"Vunja wewe. Mimi mikono inatetemeka. Mayai mawili tu kwanza. Usipige sana, ukishafanya povu dogo inatosha. Sasa sukari. Usiimwage yote, sukari ikimwagwa yote inakasirika. Koroga upande mmoja, usirudishe."

Winnie alikoroga. Mkono ulimuuma. Ule unga uliingia kwenye ute na kupotea, ukaingia mwingine na kupotea, kisha taratibu kikaanza kitu kizito, cheupe, kinachong'aa. Machozi yalianza kumtoka bila sauti.

"Geuza uso," Bi Swaumu alisema. Hakusema kwa ukali. "Lia, lakini usilie juu ya bakuli. Itakuwa maji tena."

Winnie akageuza uso, akaendelea kukoroga akitazama ukuta.

"Mama yako naye alilia hapo hapo ulipofika wewe, mara yangu ya kwanza kumfundisha," Bi Swaumu alisema baada ya muda. "Shangazi yake alikuwa na siku arobaini kaburini. Palikuwa na harusi ya jirani yangu na watu wanasubiri. Nilimwambia akapumzike, akakataa. Hakuwa na kitu kingine cha kushika, mwanangu. Haya, inua kijiko."

Winnie akainua. Sukari ilidondoka polepole, ikakaa juu ya ile nyingine kama utepe, ikachelewa kuzama.

"Ndiyo hiyo. Ndimu sasa, matone machache, ikauke vizuri na isinuke yai. Kisha kitambaa chenye maji juu yake."

Kwa rangi, walichemsha mchicha mwekundu wa bustanini, wakachuja, wakatia vijiko viwili vya maji yale kwenye sehemu moja ya sukari, wakaongeza unga kuirudisha uzito. Ikawa ya waridi. Bi Swaumu alikunja karatasi ngumu ya daftari kama vile wauza karanga wanavyokunja, akakata ncha kwa wembe, akajaza.

Niyubahwe alikuwa na ua lake, la petali tano, alilolichora kwa mkono mmoja bila kuinua karatasi. Winnie alilijaribu kwenye zile biskuti zilizoharibika. Lilitoka kama buibui. Alijaribu tena na tena, mpaka Bi Swaumu akamshika kiganja.

"Hilo ni la mama yako. Liache. Chora kinachotoka mkononi mwako."

Basi Winnie akazipaka biskuti nyeupe, akazizungushia nukta za waridi pembeni, nukta tu, moja baada ya nyingine. Mashangazi walikuja kuchungulia mlangoni, wakaingia, wakaosha mikono, wakaanza kupanga zilizokauka. Venanti aliketi nje akipasua kuni ambazo hakuna aliyemwomba. Ilipofika jioni biskuti mia na sabini zilikuwa zimevaa.

*

Ndoa ilifungwa Jumamosi saa nne. Watu walikuja wengi kuliko walioalikwa. Nyimbo ziliimbwa, lakini vigelegele vilikuwa vichache, na padre alipofika mahali pa kuwataja wazazi aliyataja majina yote mawili. Biskuti ziligawiwa. Winnie alikuwa ametenga thelathini, zile nzuri kuliko zote, kwenye kopo la bati.

Pikapu iliyowapeleka Makere ilipita barabara ya kambi. Stanislaus ndiye aliyemwambia dereva akunje. Kwenye kizuizi, askari wa zamu aliona gauni jeupe limejaa vumbi mpaka magotini, akasimama wima bila kujua kwa nini.

"Mama yangu yuko ndani," Winnie alisema. "Sina kibali. Naomba nimwone tu."

Askari akamtazama Stanislaus, akamtazama Venanti aliyekuwa nyuma ya pikapu na mkeka wake. Akatuma mtu. "Dakika kumi," alisema. "Hapa hapa kwenye mti wa kizuizi. Usivuke."

Niyubahwe alikuja akitembea upesi, kisha alipoliona gauni akapunguza mwendo. Nguo yake ilikuwa ile ile ya Alhamisi, ila alikuwa amejifunga kitenge cha kuazima, kizuri, bila shaka cha mwanamke mwingine mle ndani. Walishikana mikono juu ya ule mti wa kizuizi. Mwishowe Winnie akafungua kopo.

Niyubahwe alichukua biskuti moja, akaigeuza kwenye mwanga, akapitisha kidole juu ya nukta zile. Akaiuma.

"Bi Swaumu alikuja?"

"Alikuja. Lakini nimechanganya mimi. Mwenyewe alikataa kushika."

"Umekoroga upande mmoja?"

"Ndiyo, mawe."

Lile neno la Kiha, lenye maana ya mama, Winnie hakuwa amemwita nalo tangu utotoni. Niyubahwe alitafuna polepole.

"Ndimu imezidi kidogo," alisema, kisha uso wake ukavunjika, akaficha macho kwa kitenge cha watu. Aliponyamaza, aliweka mkono juu ya kichwa cha Winnie, kisha juu ya kichwa cha Stanislaus, akawaombea kwa Kiha, maneno machache. Akapokea kopo. "Hizi nitawapa wenzangu. Tuko kumi na wawili kwenye turubai moja. Wamenipa nguo hii kwa harusi ya mwanangu."

Hapo ndipo Venanti aliposhuka kwenye pikapu. Alikuwa na mkeka kwapani na mfuko wa nguo, na Winnie sasa ndipo alipojiuliza kwa nini baba yake alisafiri na mkeka. Alikwenda moja kwa moja kwa askari.

"Na mimi ni Mrundi," alisema kwa Kiha.

"Unasemaje, mzee?"

"Mimi ni Mrundi," Venanti alirudia kwa Kiswahili, kwa lafudhi nzito ya shambani. "Nimejificha miaka yote. Sasa nimechoka. Niandikeni."

"Baba!" Winnie alisema.

"Venanti, acha ujinga," Niyubahwe alisema.

"Ujinga niliufanya mwaka themanini na moja," Venanti alimjibu. "Leo sifanyi ujinga."

Askari alitoka mbali, labda kusini. Kwake Kiha na Kirundi vilikuwa kitu kimoja. Aliuliza karatasi, Venanti akasema hana, na kweli mkononi hakuwa nazo. Aliandikwa jina, akaambiwa apite. Kabla hajapita alimgeukia binti yake. Alitaka kusema neno, lakini Winnie ndiye aliyetangulia: alipiga goti vumbini na gauni lake, akamsalimu kama mtoto anavyomsalimu baba asubuhi. Venanti akamwinua.

"Shamba mwambie Leonidasi alime nusu," alisema. "Nusu liache lipumzike."

Akainama, akapita chini ya ule mti.

*

Walikaa kambini mwaka mmoja na miezi minane. Winnie alikuwa akitoka Makere kwenda kuwaona kila alipopata kibali. Mara ya tatu alikwenda na mtoto mgongoni. Aliwakuta wamejenga kibanda cha udongo, baba yake akilima bustani ya watu kwa vibarua, mama yake akiugua malaria na kupona na kuugua tena. Hawakuzungumza juu ya siku tatu zile. Hapakuwa na haja.

Leonidasi hakukaa kimya. Labda ni aibu ya Alhamisi ile iliyomsukuma. Aliandika barua wilayani, akaenda mwenyewe, akarudishwa, akaenda tena. Machi 1999 jibu lilifika: Niyubahwe, kwa kuwa ni mke wa raia wa Tanzania, aruhusiwe kurudi Murungu kwa mumewe.

Ofisa wa kambi alifungua daftari kumtafuta huyo mume, akamkuta ameandikwa Mrundi. Mkimbizi hakuwa na ruhusa ya kutoka.

Mwanamke alikuwa huru kwa sababu ya mume, na mume alikuwa amefungwa kwa sababu ya mke. Ofisa alimwambia Niyubahwe achukue barua yake na aende, mambo ya mzee yatafuatwa baadaye. Niyubahwe aliikunja ile barua, akaiweka kifuani.

"Nitasubiri," alisema.

"Mama, wengine wanalilia barua kama hii."

"Najua. Nitasubiri."

Alisubiri miezi mitatu. Leonidasi alileta kitabu cha ubatizo cha parokia, akaleta wazee wawili waliotahiriwa pamoja na Venanti, akaleta risiti ya kodi ya kichwa ya zamani iliyoliwa na panya. Siku ya mwisho ofisa alimwita Venanti, akamuuliza kwa nini alidanganya serikali. Venanti aliuweka mkeka wake sawa kwapani.

"Mzee, nauliza. Kwa nini?"

"Mke wangu alikuwa humu," alisema.

Ofisa alingoja aongeze kitu. Alipoona hakuna, akapiga muhuri.

Walitoka Juni, wakati wa baridi na vumbi. Hawakwenda Murungu kwanza. Bi Swaumu alikuwa amefariki mwezi Januari, na habari iliwafikia kambini wakati hakuna cha kufanya. Omary, mwanawe aliyebaki na duka, aliwapeleka mpaka makaburi ya Waislamu, nje kidogo ya mji wa Kibondo, akaonyesha kaburi kwa kidole kutoka nje ya ua wa minyaa. Niyubahwe alivua ndala, akaketi chini, miguu ameinyoosha kama wakaavyo wafiwa. Alikaa hivyo mpaka Omary akaaga akarudi dukani. Venanti alisimama nyuma yake na mkeka kwapani, mzigo wao ukiwa miguuni, hakumharakisha. Mwanamke alipoinuka alijipangusa vumbi, akauchukua upande mmoja wa mzigo, na wakaanza kutembea, kwa maana jua lilikuwa linapanda na njia ya Murungu ilikuwa bado ndefu.